Siri ya kuasiliwa isizike habari za maradhi ya ukoo

KATIKA chumba cha daktari swali hili huulizwa kwa sauti ya kawaida kabisa: Je, kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua kisukari, shinikizo la damu, saratani au maradhi ya damu? Kwa wengi wetu jibu hupatikana papo hapo. Nyanya alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Mjomba alipofuka uzeeni. Shangazi alifariki kwa saratani ya matiti kabla ya kufikisha miaka 50. Daktari huandika, kisha huendelea na kazi yake.

Yuko hata hivyo mgonjwa ambaye jibu lake ni neno moja tu: sijui. Hajui kwa kuwa aliasiliwa angali mchanga, au kwa kuwa aliokotwa, au kwa kuwa aliyemlea hakupenda maswali. Na wapo wazazi ambao humpeleka hospitalini mtoto waliyemchukua kwa mapenzi na kwa kufuata sheria yote, wakaulizwa swali hilohilo, wakatazamana.

Mjini Voi jambo hili lina uzito wa kipekee. Voi ni njia panda. Reli ya kwanza kutoka Mombasa ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19, tawi la kwenda Taveta likajengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na leo barabara kuu ya Mombasa na Nairobi pamoja na reli ya kisasa iliyozinduliwa 2017 huleta wageni mchana na usiku. Mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta yaliwavutia vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Mtoto aliyezaliwa na kuachwa katika mji wa namna hii aweza kuwa na asili ya milima ya Taita, ya Kilifi, ya Ukambani, ya Kisumu au ya ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Mahali alipopatikana hapasemi lolote kuhusu damu yake.

Na damu ndiyo kiini cha mjadala huu.

Mnamo 1949 mtafiti Anthony Allison, ambaye alikulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini. Alibaini kwamba chembe za selimundu zilikuwa nyingi miongoni mwa wakazi wa Pwani na wa maeneo ya Ziwa Victoria, ilhali zilikuwa nadra kwa wenyeji wa nyanda za juu na wa sehemu kame. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mtu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja pekee hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana chembe hiyo imedumu kule ambako mbu wamedumu. Taita Taveta imegawanyika vivyo hivyo. Milimani Wundanyi kuna baridi na mbu ni wachache. Taveta, kwenye mifereji ya mto Lumi na kando ya Ziwa Jipe, malaria ilikuwa kali kiasi kwamba katika miaka ya 1950 eneo hilo na la Pare nchini Tanganyika yalichaguliwa kwa majaribio makubwa ya kunyunyizia nyumba dawa ya mbu.

Mtu mwenye chembe moja hana ugonjwa. Aweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Tatizo hutokea wanapokutana wawili walio na chembe hiyo: katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atazaliwa na ugonjwa wenyewe, na nafasi mbili kati ya nne kwamba atakuwa mbebaji kama wazazi wake.

Hapa ndipo utaratibu wa kuasili na ugonjwa huu hukutana kwa namna ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Watoto ya 2001 iliweka kwamba mtoto awe ametimiza angalau wiki sita kabla ya ombi la kumwasili kuwasilishwa, tena awe ametangazwa na shirika lililosajiliwa kwamba yuko huru kuasiliwa. Mtoto huchunguzwa na daktari na ripoti ya afya yake huwekwa kwenye faili. Lakini katika miezi ya kwanza ya maisha, damu ya mtoto mchanga bado ina hemoglobini ile aliyokuwa nayo tumboni, ambayo humkinga. Dalili za selimundu kwa kawaida huanza kuonekana anapokaribia miezi sita: vidole na nyayo kuvimba, kilio kisichotulizika, upungufu wa damu, homa zisizoisha. Daktari anayempima mtoto wa wiki sita kwa macho na kwa kipima mapigo ya moyo atamwona mzima wa afya. Ataandika hivyo na hatakuwa amesema uongo.

Wazazi wapya hurudi nyumbani na ripoti safi. Baada ya miezi kadhaa mikono ya mtoto huvimba. Kwa kuwa wao wenyewe hawana historia ya selimundu katika koo zao, ugonjwa huo ndio wa mwisho kuwajia akilini. Wataambiwa ni malaria, watapewa dawa, watarudi. Iwapo mtoto angegunduliwa mapema, angepewa penisilini kila siku hadi atimize miaka mitano, chanjo za kuzuia nimonia, dawa ya kumkinga na malaria na baadaye haidroksiyuria. Hizi si dawa za ajabu. Wataalamu wamekuwa wakikadiria kwamba zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa na selimundu barani Afrika hufariki kabla ya umri wa miaka mitano, wengi wao bila ugonjwa huo kutajwa hata mara moja.

Taarifa ambayo ingebadilisha mkondo huo ni fupi mno. Ni sentensi moja ya mama aliyemzaa: nilikuwa na ndugu aliyekuwa akiugua mifupa na kuongezewa damu, akafa mdogo.

Upo pia upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Nao ni wa maeneo yenye malaria na mtoto wa kiume huurithi kutoka kwa mamake. Mwenye upungufu huo aweza kuishi bila shida hadi siku atakapopewa dawa isiyomfaa, kisha damu yake ikaanza kuvunjika. Mwaka 2008 dawa ya malaria iliyojulikana kama Lapdap, iliyokuwa ikitumika humu nchini, iliondolewa sokoni kwa sababu hiyohiyo. Dawa nyingine za aina hiyo, kama primakwini, bado zipo. Mtoto ambaye mamake anajua kwamba mjomba wake alikojoa mkojo mweusi baada ya kumeza vidonge ana silaha ambayo mtoto wa kuasiliwa hana.

Kwa watu wazima orodha hubadilika lakini swali ni lile lile. Mwanamke ambaye mamake au dada yake aliugua saratani ya matiti yumo katika hatari takriban maradufu ikilinganishwa na mwenzake, na hushauriwa kuanza uchunguzi mapema. Glakoma, ugonjwa wa macho ambao huwashika zaidi watu wa asili ya Afrika, hauna maumivu. Anayejua kwamba babake alipofuka hupimwa macho angali anaona. Asiyejua huenda hospitalini akiwa amekwisha kupoteza nusu ya nuru.

Sheria inasemaje basi?

Jaji anapotoa amri ya kuasiliwa, mtoto huwa wa wazazi wapya kana kwamba walimzaa wao katika ndoa. Jina lake huingizwa katika Daftari la Watoto Walioasiliwa linalotunzwa na Msajili Mkuu, na kumbukumbu ya kuzaliwa kwake ya awali hutiwa alama. Msajili Mkuu ana wajibu wa kuhifadhi rekodi inayounganisha kumbukumbu hizo mbili. Uzi huo haukatwi. Lakini umewekwa kabatini, na kufuli lake hufunguliwa kwa amri ya mahakama. Mtu wa Voi ana bahati kwamba Mahakama Kuu ina kituo mjini humo. Hata hivyo, kumwambia mgonjwa anayesubiri upasuaji kwamba atafute wakili, aape hati ya kiapo na kungoja tarehe ya kusikilizwa ni kumpa haki ambayo huenda ikafika baada yake.

Katiba ya 2010 ina vifungu ambavyo havijaelekezwa vya kutosha kwenye suala hili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa zinahitajika ili kutekeleza au kulinda haki fulani. Bunge likatunga Sheria ya Kupata Habari mwaka 2016. Lakini Kifungu cha 31 nacho kinalinda faragha, zikiwemo habari za familia ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya na za jenetiki katika kundi la data nyeti. Anayedai kwa Kifungu cha 35 atajibiwa kwa Kifungu cha 31.

Mgongano huu si wa maneno matupu. Anayelindwa na siri hiyo ni mtu halisi. Mara nyingi ni msichana aliyejifungua akiwa bado shuleni, au mfanyakazi wa nyumbani aliyerudi kijijini bila mtu kujua, au mwanamke aliyebakwa. Huenda leo ameolewa Mwatate au Bura, ana watoto wengine, na mumewe hajui. Barua ya serikali ikifika nyumbani kwake ikimwuliza habari za mtoto wa miaka 20 iliyopita, yaweza kuvunja ndoa, au kumvunja yeye mwenyewe. Kuna pia wazazi walioasili ambao walivumilia masimango ya utasa kwa miaka, wakamchukua mtoto kwa siri, mama akafunga matambara tumboni ili majirani wadhani ni mjamzito. Wao huogopa kwamba mlango ukifunguliwa kidogo mtoto atatoka na hatarudi.

Wanaotetea siri hawana nia mbaya, na mwandishi huyu hawezi kuwabeza. Lakini wamechanganya vitu viwili. Jina la mama na ugonjwa wa mama si kitu kimoja. Daktari anayemtibu mtoto hahitaji kujua kwamba mamake anaitwa nani, anaishi wapi au alimpata mtoto kwa nani. Anahitaji kujua kwamba mamake mzazi ana chembe ya selimundu, kwamba nyanya yake alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 41. Habari hizo zaweza kuandikwa kwenye karatasi isiyo na jina hata moja na bado zikaokoa maisha.

Afrika Kusini ililiona jambo hili. Kifungu cha 248 cha Sheria ya Watoto ya nchi hiyo, sheria ya 2005 iliyoanza kutumika kikamilifu Aprili 2010, kinaweka masharti makali kuhusu nani aweza kufungua daftari la walioasiliwa na lini: mtoto mwenyewe baada ya kutimiza miaka 18, na mzazi aliyemzaa iwapo tu aliyeasiliwa na mzazi aliyemwasili wamekubali kwa maandishi. Kisha, bila kujali masharti hayo, kifungu hicho kinasema kwamba mtoto aliyeasiliwa au mzazi wake wa kuasili ana haki ya kupata habari za kimatibabu kuhusu mtoto na kuhusu wazazi waliomzaa, ikiwa habari hizo zinahusu moja kwa moja afya ya mtoto huyo. Wabunge wa Afrika Kusini walitenganisha jina na ugonjwa kwa aya moja. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001 humu nchini, ilikuwa fursa nzuri ya sisi pia kuandika aya ya uwazi kama huo.

Na si kwamba wazo hili ni geni kwa Kenya. Mnamo 2007 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasiliwa kwa watoto kutoka nchi moja hadi nyingine. Kifungu cha 16 cha mkataba huo kinataka ripoti ya mtoto iwe na historia ya afya yake pamoja na ya familia yake. Kifungu cha 30 kinataka habari za asili ya mtoto, hususan utambulisho wa wazazi na historia ya afya, zihifadhiwe, na mtoto aweze kuzifikia kwa mwongozo ufaao kadiri sheria ya nchi inavyoruhusu. Mkataba huo ni wa watoto wanaovuka mipaka. Mtoto aliyechukuliwa kutoka makao ya Voi akapelekwa Ulaya aliahidiwa kitu ambacho mkataba huo haumwahidi mwenzake aliyelala kitanda cha pili, akaasiliwa na familia ya Mombasa. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku wageni kuwaasili watoto wa Kenya kufuatia hofu ya ulanguzi, na msisitizo ukageukia familia za humu nchini. Ahadi ya Hague haikugeuka pamoja nao.

Jambo lingine husahaulika karibu kila mahali suala hili linapojadiliwa, nalo ni kwamba maradhi hayasomeki kutoka juu kwenda chini pekee. Watunga sheria humfikiria mtoto anayetafuta habari za wazazi. Wachache humfikiria mama aliyezaa, ambaye yeye ndiye huenda anahitaji habari kutoka kwa mtoto.

Chukua mfano. Mtoto aliyeasiliwa anagunduliwa na selimundu akiwa na umri wa mwaka mmoja. Siku hiyohiyo, bila kumwona wala kumpima, daktari amekwisha kujua kitu cha hakika kuhusu mwanamke aliyemzaa: anayo chembe ile, kwa sababu mtoto hawezi kuwa na ugonjwa huo bila kuipokea kutoka pande zote mbili. Kama mwanamke huyo amezaa tena, ama na mwanamume yuleyule au na mwingine aliye mbebaji, watoto wake wamo hatarini. Ndugu zake nao wanafaa kupimwa. Habari hii iko kwenye faili ya kliniki mjini na mwenye kuihitaji yuko kilomita 30 kutoka hapo, na hakuna njia ya kuipitisha.

Vivyo hivyo kwa mwanamke mzima aliyeasiliwa, akiugua saratani ya matiti na vipimo vikaonyesha kwamba inatokana na hitilafu ya kurithi kama ile ya jeni ya BRCA1. Kila ndugu yake wa damu ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa nayo. Wanawake hao hawajui kwamba wana dada.

Wapo wanaosema kwamba teknolojia itamaliza mjadala huu: mtu apime jeni zake, aachane na madaftari. Huko Marekani na Ulaya maelfu ya walioasiliwa wamefanya hivyo kwa kutuma mate kwa kampuni za vipimo, na wengine wameishia kuwagundua ndugu zao wa damu, bila mpatanishi na bila maandalizi, jambo ambalo ndilo hasa wapenda siri waliliogopa. Kwetu vipimo hivyo ni ghali kwa mwananchi wa kawaida. Isitoshe, havichukui nafasi ya historia. Shinikizo la damu, kisukari na maradhi mengi ya moyo hutokana na jeni nyingi pamoja na mazingira, na hadi leo njia rahisi zaidi ya kujua nani yuko hatarini ni kuuliza nani kwenu aliugua na akiwa na umri gani.

Hadi hapa tumezungumza kuhusu wale waliopita mbele ya jaji. Ukweli ni kwamba hao ni wachache. Katika Taita Taveta, kama kwingineko nchini, watoto wengi wanaolelewa na wasiowazaa hawajawahi kuandikwa kwenye daftari lolote. Ni wajukuu walioachiwa nyanya Mbololo au Werugha baada ya wazazi kufariki wakati ukimwi ulipokuwa ukiua kwa wingi, au watoto wa binti aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi, au mtoto wa ndugu aliyepewa mke asiyejaaliwa. Kwao hakuna kufuli la Msajili Mkuu. Siri yao imefungwa kwa aibu tu, na aibu haina mahakama ya kukatia rufaa.

Ni ajabu kidogo kwamba hali iwe hivi katika nchi ya Wataita. Hapa ukoo ulikuwa jambo la kuhifadhiwa kwa mikono. Baada ya mzee kuzikwa na muda kupita, fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na ya waliomtangulia wa ukoo wake, na mapango hayo yangalipo milimani. Mtu alijua anakotoka kwa kiwango ambacho leo hakuna ofisi ya serikali iwezayo kukifikia. Ni kweli kwamba nyuzi hizo zilikwisha kukatwa hata kabla ya wakati wetu: mwaka 1915 Waingereza waliwahamisha Wakasigau kwa nguvu hadi Malindi wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani, wengi wakafia huko, na waliorudi miaka mingi baadaye walikuja na pengo katika nasaba zao. Lakini pengo la vita halina wa kulijaza. Pengo la nyanya anayejua na hasemi laweza kujazwa leo jioni.

Kwa upande wa Waislamu, ambao wapo Voi na Taveta tangu enzi za misafara, mfumo wa kafala hauifuti nasaba ya mtoto. Hubaki na jina la babake, na anayemlea hulea bila kudai kwamba amemzaa. Sheria ya 2022 imeitambua kafala, na kwa suala tunalojadili mfumo huo una manufaa ambayo hata wasio Waislamu wangefaa kuyatazama: swali la daktari lina mahali pa kuanzia.

Nini basi chafaa kufanywa? Kuna hatua ambazo hazihitaji kusubiri Bunge. Kila mjamzito anayehudhuria kliniki hupewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mtoto anapotolewa kuasiliwa, kijitabu hicho chenye jina la mama hakiwezi kumfuata, na ni sawa. Lakini yaliyomo yaweza kunakiliwa bila jina. Afisa wa shirika au wa Idara ya Huduma za Watoto anayezungumza na mama kabla ya kutia saini ridhaa yake angeweza kumwuliza maswali kumi kuhusu maradhi ya kwao na, kama anamjua na yuko tayari kusema, ya upande wa baba. Swali kuhusu baba ndilo gumu zaidi, na mara nyingi halitajibiwa. Nusu ya historia bado ni bora kuliko ukurasa mtupu.

Kwa mtoto aliyeokotwa, ambaye hana wa kumwulizia, vipimo vichukue nafasi ya maswali. Mtoto aliyeletwa na polisi bila mzazi anafaa kupimwa selimundu kwa tone la damu ya kisigino kabla ya kutangazwa huru kuasiliwa, na kipimo hicho kifanywe kama sehemu ya lazima ya ripoti ya daktari, hasa katika kaunti ya Pwani kama hii. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi na hospitali za Taveta, Mwatate na Wesu ndizo ambazo watoto hawa hupitia.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika habari zinazokuja baadaye. Mama wa miaka 17 hana maradhi ya kuripoti. Mamake mwenyewe huenda ana miaka 38 tu. Saratani, presha na sukari zitajitokeza miaka 20 baadaye, wakati faili imekwisha kufungwa. Kwa hivyo karatasi ya siku moja haitoshi. Inahitajika ofisi ambayo mzazi aliyezaa au mtu aliyeasiliwa aweza kuiendea wakati wowote na kusema nina habari ya afya, ipitisheni. Ofisi ya Msajili Mkuu inao uzi unaounganisha pande mbili. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inakusudia rekodi za wagonjwa ziwe katika mfumo mmoja wa kitaifa. Ujumbe waweza kutoka kwa daktari wa upande huu hadi kwa daktari wa upande wa pili, na aliyeupokea akamwita mgonjwa wake kwa uchunguzi wa kawaida bila kumtajia chanzo. Mwanamke wa Mwatate angeambiwa kliniki kwamba ni vyema yeye na wanawe wapimwe selimundu. Mumewe asingekuwa na la kuuliza.

Ni haki pia kusema kwamba habari hizi zaweza kumdhuru mtoto. Mtoto ambaye faili yake inasema mamake alikuwa na kifafa au ugonjwa wa akili huenda asichaguliwe, akakulia kwenye makao. Mashirika yanalijua hilo, na pengine baadhi ya ukimya uliopo ni wa huruma. Lakini mzazi aliyefichwa huja kugundua, na mtoto aliyepokewa kwa ripoti pungufu hurudishwa kwa urahisi zaidi kuliko yule ambaye wazazi wake waliambiwa yote wakasema tutamchukua. Serikali, kupitia mkakati wake wa 2022 hadi 2032 wa kuwaondoa watoto kwenye makao na kuwarejesha katika familia, inatarajia Wakenya wengi zaidi wafungue milango yao. Wafungue wakijua.

Kuhusu wale wanaolelewa na jamaa bila karatasi, afisa wa afya ya jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba tayari huuliza kuhusu chanjo na vyandarua. Anaweza kuongeza swali moja, akiwa peke yake na nyanya, mtoto akiwa shuleni: wazazi wake waliugua nini? Si lazima mtoto ayasikie majibu leo. Yaandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, ili siku daktari atakapouliza, kuwe na kitu cha kusoma.